Karanga Zilizoahirisha Kipimo Changu

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa masikitiko makubwa nawatangazia kuwa kipimo changu cha kiungulia kimeahirishwa.

Kile cha kupitisha mpira wenye kamera kooni mpaka tumboni.

Tulitoka Usoke jana, tukalala kwa shemeji, mjini, mtaa wa Ipuli. Sharti lilikuwa moja tu: nisile kitu tangu usiku. Mke wangu, Mama Neema, akasema hawezi kula huku mimi nimefunga. Akafunga na yeye. (Mnaona upendo huo?)

Asubuhi hospitalini nesi akanipokea.

"Shikamoo baba. Umekula chochote?"

"Marahaba. Hata maji sijagusa, mwanangu."

Mama Neema akaniangalia kwa fahari.

"Haya, fungua mdomo."

Nikafungua.

Nesi akainama, akachungulia meno.

"Baba, hizi si karanga?"

"Za jana hizo."

"Za jana zipi?" Mama Neema akadakia. "Mbona jana hatukula karanga?" Tumbo lake likanguruma mpaka nesi akageuka.

Chekeni, lakini ukweli ni huu. Kifua kinaniunguza kila siku na naogopa watakachokikuta humo ndani. Mpira nao naogopa. Nilijua aliyekula hurudishwa nyumbani. Basi alfajiri nilijifungia bafuni kwa shemeji, nikafungulia maji yasikike, nikala karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha.

Mke wangu alikuwa nje ya mlango, na njaa yake, akiniombea.

Tunarudi Ijumaa. Nitafunga peke yangu. Mama Neema amesema yeye atakula, tena mbele yangu.