Siku Mzee Aliposifu Maharagwe Yangu

Mzee wangu, tangu anioe, hajawahi kusifu maharagwe yangu. Leo chumvi nyingi, kesho kidogo, keshokutwa ati yananuka moshi. Mi nilishazoea.

Basi akaanguka shambani kwetu Mwakiro, mguu ukavunjika. Hospitali ya Muyinga wakatutuma ile ya Gitega, akapasuliwa. Gardemalade, yaani wa kumuuguza, ndo mimi: nalala kwa binti yetu anayekaa mtaa wa Magarama, napika, nabeba sufuria mpaka kitandani kwake.

Kila siku nesi anapita na karatasi. Iko na nyuso tano za kupimia maumivu, wa kwanza unacheka, wa mwisho unalia. "Mzee, leo uko uso gani?" Naye haraka haraka, kidole kwenye ule unaocheka. "Amahoro, mwanangu, salama tu."

Nikamuuliza, we mzee, mbona jasho linakutoka?

"We nawe! Mtoto wa watu anakusalimia, utamjibu kwa kulia?"

Yaani alidhani anasalimiwa!

Siku ya tano nesi akasema kesho mzee anarudi nyumbani, nyuso zake zote zinacheka. Mchana nikampakulia. Akala vijiko viwili, akasukuma sahani, akasema, "Mazuri."

Nikamkimbilia nesi, mwiko bado mkononi.

"Mwanangu, andika uso unaolia! Amesifu maharagwe yangu!"

"Si ni vizuri, bibi?"

"Vizuri wapi! Huyo anaumwa mpaka chumvi haisikii!"

Alicheka mpaka akashika ukuta, lakini akaja. Akafungua bandeji, kicheko kikaisha. Usaha. Daktari akaitwa, wakasafisha, dawa ikabadilishwa, nyumbani hakuna tena.

Tangu hapo nesi akipita ananiuliza mimi kwanza: "Bibi, maharagwe yamesemwaje?" Nikisema ameyasifu, anakunja uso. Nikisema amenyamaza, anaandika katikati. Mpaka mchana mmoja mzee akaonja, akatema. "Mama we! Umemwaga gunia zima la chumvi?"

Nikapiga vigelegele, wodi nzima ikageuka.

Nesi akaandika, halafu akanigeuzia karatasi mimi. "Na wewe bibi, uko uso gani?"

Heh! Mimi? Sijawahi kuulizwa. Nikafungua mdomo niseme amahoro, mzee akadakia kutoka kitandani: "Usimdanganye mtoto wa watu. Miguu yako imevimba, naiona."

Basi nikaweka kidole pembeni kidogo ya ule unaolia. Nesi akaenda kunitafutia kiti. Nikakaa, nikamalizia maharagwe mwenyewe. Na kweli, chumvi ilikuwa imezidi.