Michoro Iliyotangulia Uvimbe

Nilipokuwa mtoto kule Kadutu, ngozi ya maman ilikuwa na siku zake za kuchorwa. Mistari myekundu ilimtoka kifuani, ikijipinda na kufunga maduara kama vijia vya mlimani, haimuwashi, haimuumi, halafu kesho yake midomo inavimba, au mikono, au tumbo linamkata hadi analia. Koko, mama yake, akiiona tu alisema, "Hiyo ni karuho. Kesho utavimba." Karuho ni ile sumu ambayo kwetu wanasema adui anakutilia mu kinywaji. Na kweli, kesho maman alivimba.

Basi wakatafuta aliyetia. Wakamwona Maman Neema, jirani, aliyetuletea kasiksi, pombe ya ndizi, na siku hiyo hakuionja. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako. Alijitetea kwamba hakuwaza mabaya. Koko akamjibu, "Asiyewaza mabaya ndiye anaonja." Tukakatazwa kucheza na watoto wake. Maman alivimba tangu usichana, kabla hata hajamjua huyo jirani, lakini hilo nani alilikumbuka?

Mwaka huu nikawa naosha mtoto wangu, Baraka, nikaona michoro ileile tumboni. Nikamfunga mgongoni, nikakimbilia kwa maman, nikamuuliza tumpeleke kwa wale wa kutapisha sumu?

"Mimi walinitapisha miaka yote," akasema. "Mupeleke hospitali. Twende wote."

Daktari, dada wa rika langu, alimsikiliza maman kuliko alivyonisikiliza mimi. Akachukua damu, akaeleza kwamba ni ugonjwa wa kurithi, unapita toka mzazi hadi mtoto, hata kupitia asiyevimba kama mimi, na kwa wengine michoro inatangulia uvimbe. Si sumu. Kesho yake mkono wa Baraka ulivimba kama mkate, lakini tulikuwa tumelala pale pale hospitali, wanamwangalia koo lisizibe, na ukashuka. Dawa zipo, daktari akasema, hata kama kuzipata ni kazi. Midomo au ulimi ukianza kuvimba, tusingoje.

Koko, Mungu amrehemu, aliona vizuri: michoro, kisha uvimbe. Alipokosea ni kutafuta mtu. Mimi ningali naogopa, kila nikimuosha Baraka namgeuza huku na huku mpaka anacheka. Nikiona mstari nitafunga kitenge nitoke mbio hospitali, na sitauliza jana nani alipita kwetu.