Saini ya Magharibi

Mwaka wa 1994 Kouraichia alikuwa msimamizi wa mashuka katika hoteli moja ya Ambatoloaka, na uchovu ulishamkaa mwilini. Anaingia saa tano asubuhi, anatoka saa nne usiku, siku sita kwa wiki. Mama yake yuko Mahajanga, miguu imekataa, na Kouraichia alitaka jambo moja tu: alipwe saa zake za ziada za miaka miwili, aache kazi, akamuuguze.

"Dada, wewe ni wa mshahara wa mwezi," Djaffar, karani wa hoteli, alimwambia kwa upole. "Wa mwezi hawana saa za ziada."

Uongo mtupu. Mkaguzi wa kazi kule Andoany alimweleza taratibu, kwa Kimalagasi: hata wa mwezi akipita saa arobaini kwa wiki hulipwa zilizozidi. Liletwe tu daftari la mahudhurio. Kouraichia alirudi na moyo mweupe.

Djaffar akalileta daftari. Mkaguzi akafunua, akafunua tena. Kila siku, kuingia saa tano, kutoka saa kumi na mbili jioni. Ukitoa nusu saa ya kula, ni saa thelathini na tisa kwa wiki. Na saini ni ya Kouraichia mwenyewe.

Hapo Kouraichia akaelewa. Kila adhana ya magharibi ilipolia alisaini kwamba ametoka, kisha ndipo atandike mkeka nyuma ya kabati la mashuka. Ndivyo alivyolelewa: aswali kwa wakati wake, si kwa wakati anaolipwa na tajiri, asije akaulizwa kesho akhera. Akimaliza anarudi kukunja mashuka mpaka saa nne. Na daftari lina nafasi moja tu ya kutoka. Nani, jamani, angefikiria kuhesabu?

Mkaguzi akamgeukia Djaffar, aliyekuwa akimwona Kouraichia kila usiku akikunja mashuka. "Alikuwa akirudi kazini?"

Djaffar ana watoto watano. Akatazama sakafu. "Mimi najua kilichoandikwa."

Mkaguzi akafunga daftari. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa na la kufanya.

Kouraichia akatuma salamu Mahajanga kwamba atachelewa kidogo. Kesho yake jioni adhana ikalia. Hakugusa kalamu. Akatandika mkeka, akaswali rakaa zake tatu, na alipotoa salamu hakukumbuka amesoma sura gani. Alijua tu kwamba zimepita dakika tisa.