Niliupima Mto kwa Bisi za Mama

Admin, naomba ulifiche jina langu, huku milimani tunajuana wote. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 28, kwetu ni upande wa Bumbuli. Nina mkataba na mradi mmoja wa maji. Kazi yangu ni kupima kasi ya mto kwa kamera. Unamwaga vitu vyeupe vinavyoelea, unapiga video, programu inavifuata kimoja kimoja na kukokotoa maji yanakwenda mbio kiasi gani.

Tulizoea kutumia vijipira vya duara. Shida ni kwamba vinagusana majini, programu ikaviona kidoa kimoja. Basi nikaiwekea sharti la umbo: kidoa cha mviringo ni kimoja, chenye kiuno ni viwili vimeshikana, vitenganishe. Ikafanya kazi vizuri mno, nikasifiwa, na kichwa kikavimba.

Siku ya kupima mto wa kijijini kwetu vijipira vilikwisha. Mama akanicheka. "Vitu vyeupe vinavyoelea? Si bisi hizo?" Akakaanga sufuria nzima. Nikazimwaga, nikapiga video, nikatuma majibu. Lile sharti la umbo nikalisahau. Jamani, bisi gani haina kiuno? Programu ilizigawa kila moja vipande viwili, na kila picha mpya ikawa inarukia kipande cha mbele ikidhani ndicho kile cha nyuma kimesogea. Mto ukaonekana una kasi karibu maradufu.

Kwa majibu hayo wakubwa wakasema maji yanatosha, wakalaza bomba kubwa kuyapeleka huko chini ya mlima. Sasa mfereji wa bustani zetu za bondeni umebaki tope. Kabichi za mama, zilizonisomesha mimi, zimenyauka. Majirani wananiambia, "Mgosi, ndugu yetu, umetuuza." Mama anawajibu, "Mwanangu amesomea, hawezi kukosea." Hilo ndilo linaloniua.

Nimerudia hesabu bila lile sharti, na kosa ni langu kabisa. Nilimwendea bosi, nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Akasema, "Ripoti imeshapita, bomba limeshafukiwa. Ukiongea, mkataba wako ndio basi, na maji hayarudi." Nikaaga, nikarudi kazini. Mwoga mimi, najua.

Juzi Jumapili, baada ya ibada, mama kaniletea ndoo ya bisi imefunikwa kwa kanga. "Kapime tena, baba. Labda siku ile nilikaanga chache." Nilishindwa kumtazama usoni.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinitukane tu, nishikeni mkono. Nikisema ukweli nakosa kazi na bonde halipati tone. Nikinyamaza, mama ataendelea kunitetea kwa watu niliowakausha. Nianzie wapi? Ndoo iko hapa mezani, na tangu asubuhi mama kanipigia mara mbili kuuliza mto umesemaje.