Kokwa Kumi na Moja

Hapa nyumbani kwangu Mabela, kando ya Maskati, wajukuu wakila tende hutupia kokwa kwenye sahani ya bati, na kila kokwa inapolia mimi hugeuza uso. Wanacheka, wanadhani bibi yao kelele zimemshinda. Waache wadhani hivyo. Nyinyi nitakuambieni, maana wao sijapata kuwaambia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya mapinduzi, tukapewa vyumba viwili na jamaa wa babu huko Maskati, ndani ya ukuta wa mji, kwenye joto la kuokea mkate. Baba yangu Unguja haikumpita mechi, na alikuwa akirudi uwanjani sauti imemkauka. Huku alitoka kwenda msikitini tu, akirudi akalala ubavu kuutazama ukuta. Mama alimpikia kila alichokipenda, na sahani zikarudi jikoni vile vile.

Aliyemzindua ni kaka yangu Nassor, kijana wa miaka kumi na saba. Vijana wa mtaa walimchukua acheze nao mpira siku za Ijumaa baada ya alasiri, kwenye uwanja wa changarawe nje ya lango la mji. Baba alipoambiwa aligeuka, akakaa kitako.

"Ijumaa hii kacheze," alisema. "Ijayo nnakuja mwenyewe kukuangalia."

Mama aliingia jikoni, akatoka macho mekundu, akasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Ijumaa ile ya kwanza nilikwenda na watoto wenzangu wa nyumba zilizotoka Unguja, jumla yetu kumi na mmoja. Nassor alifunga mabao mawili, wenyeji wakawa wanaulizana huyu katoka wapi. Mchezo ulipokwisha wachezaji walikwenda kisimani kunawa, na kofia zao zikapangwa chini mstari mmoja, midomo juu. Watazamaji walipita mbele yake, kila mtu na kokwa moja ya tende, akaitia katika kofia ya amtakaye.

Mambo hayo tuliyajua sana, au tulidhani tunayajua. Mtaani kwetu Unguja tulikuwa tukitia komwe kwenye kofia ya mchezaji aliyewashinda wenzake wote. Basi nikawapanga watoto, nikawaambia asikosee mtu, kofia ya Nassor ni ile yenye uzi wa zambarau. Tukatia sote. Nilitembea kifua mbele kama mimi ndiye niliyefunga mabao. Mzee Hilali, muuza halwa aliyekuwa akihesabu kura, alitutazama kwa mshangao, lakini kazi yake ilikuwa kuhesabu, si kuwauliza watu sababu.

Maskati kokwa hupewa aliyecheza vibaya. Mwenye nyingi hupumzishwa Ijumaa inayofuata, akawekwa kulinda viatu vya wenzake. Kofia ya Nassor haikuwa na kokwa ya mtu mwingine hata moja. Zote zilikuwa zetu.

"Mmenitoa nyinyi, Zuwena," aliniambia tulipokuwa tukirudi, wala hakunigombeza. Alikwenda kwa Mzee Hilali kuomba zihesabiwe upya, akajibiwa kwamba kura ikishaingia imeingia. Kwa baba hakusema kitu, aliona haya. Mimi niliogopa bakora. Kila mmoja wetu aliomba kimoyomoyo baba asahau.

Hakusahau. Ijumaa ilipofika alivaa kanzu iliyopigwa pasi, mama akamfukiza udi, kisha baba akanishika mkono tukatoka. Tulimkuta Nassor amekaa juu ya jiwe, makubadhi yamemzunguka. Alimwona baba, akainamisha kichwa. Jirani mmoja, kwa wema wake, akamweleza baba desturi ya kokwa. Baba alimshukuru. Akakaa mpaka mwisho wa mchezo, mikono magotini, akiutazama uwanja ambao mwanawe hakuwamo.

Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, "Walomtia kokwa wangapi?"

"Kumi na mmoja, baba."

"Kumi na mmoja," alirudia. Baada ya hatua chache akasema, "Na kijana hajawakosea kitu."

Hakwenda tena uwanjani. Nassor alicheza Ijumaa nyingi baada ya ile, akapendwa mno, na kila akirudi alimsimulia mabao yake, naye baba akiitikia huku kauelekea ukuta. Baba alifariki mwaka wa pili yake.

Utotoni nilidhani baba aliniuliza habari za mpira. Nilikuwa mke wa mtu tayari nilipofahamu kwamba alikuwa akiuliza ni wangapi katika mji huu wasiotutaka. Hakuwapo hata mmoja. Jibu hilo nilikuwa nalo mdomoni, mkono wangu umo ndani ya mkono wake, nami nikalimeza kwa kuogopa fimbo mbili tatu.