Dereva wa Trekta Aliyechagua Kompyuta kwa Sikio

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha ghorofa ya kwanza nyuma ya soko la Wakulima mjini Nakuru, Kahiga Ndirangu anawaomba majirani wasogee nyuma kidogo. Amekunja mikono ya shati. Mbele yake, mezani, limekaa sanduku jeusi la chuma ambalo limebebwa ngazini na wanaume wawili, na wote wawili bado wanahema.

"Watu wangu, nikiwasha hii, kompyuta zote za Nakuru zitajificha chini ya meza," anasema. "Hakuna inayoipita kwa mbio. Hakuna! Hata huko Nairobi waulizeni."

Anabonyeza kitufe.

Mngurumo unaotoka humo si wa kompyuta. Vioo vya dirisha vinatetemeka. Kalenda ukutani inapepea. Kinyozi wa chumba cha pili anatoka mbio, mashine yake ya kunyolea ingali mkononi, na nyuma yake mteja mwenye nywele upande mmoja tu.

"Kwani mmeleta posho mill ya kusaga unga huku juu?" anauliza kinyozi.

Kahiga amefumba macho, anatabasamu kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kwa sifa kanisani.

Huo ulikuwa mwezi wa tano mwaka huu wa 2007. Tabasamu lile halikumaliza wiki.

Kahiga, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hupiga picha za video za harusi, za ruracio, yaani sherehe za mahari, na za mazishi. Jumamosi nzuri humpa shilingi elfu nane. Jumamosi mbaya humpa sahani ya pilau na shukrani. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya ngano ya Mau Narok, na ukitaka kumwelewa, anzia huko.

"Dereva wa trekta haangalii, anasikiliza," anaeleza. "Mimi ningekuwa nakunywa chai huku, trekta iko ng'ambo ile, nakwambia hiyo dizeli imeingia maji. Sikio halinidanganyi."

Sikio hilo lilimlisha miaka saba. Basi kompyuta yake ya zamani ilipoungua mwezi wa nne, huku harusi tatu zikisubiri kuhaririwa, alikwenda dukani na sikio lake.

Duka lenyewe ni la Akoth, mwanamke mwembamba anayeuza kompyuta mpya na zilizotumika upande wa pili wa barabara. Alimwekea mbili mezani, bei moja.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kawaida, ya mezani. Prosesa yake, yaani ubongo unaofanya hesabu zote, ilikuwa ya kizazi kipya na iliandikwa kasi ya 2.2. Ya pili ilikuwa seva, ile mashine inayofungiwa chumba chake katika maofisi ili ihudumie wafanyakazi wote kwa pamoja. Ilikuwa na miaka kadhaa, imetolewa ofisi fulani baada ya kuletewa nyingine. Ndani ilikuwa na prosesa mbili, kila moja 3.4.

Akoth aliwasha ile ndogo. Kahiga akainama, akaweka sikio.

"Hii imekufa?"

"Inafanya kazi, boss. Si unaona skrini?"

"Mbona hainiambii?"

Akoth akawasha seva. Mbwa aliyekuwa amelala mlangoni akaamka akaondoka. Kahiga akashika kifua.

"Nilisikia Mau Narok," anakumbuka. "Nilisikia trekta ile kubwa asubuhi ya baridi. Nikamwambia Akoth, hapa hakuna mjadala."

Mjadala ulikuwepo, ila wa upande mmoja. Akoth alimwambia seva ilizaliwa kuhudumia watu wengi wenye vikazi vidogo vidogo, na yeye ana kazi moja, ndefu. Akamwomba alete kanda ya harusi moja wajaribu kote kuwili.

"Punda ndiye analia kwa nguvu, Kahiga," Akoth alisema. "Lakini maziwa unamkamua nani?"

"Unaniuzia ama unanihubiria?" akajibu Kahiga, na kwenda kutafuta wabebaji.

Wiki hiyohiyo alikuwa amepiga video ya harusi ya binti ya Bhagwanti, mama mwenye duka la vitambaa ambaye akisema neno, jamii nzima ya Wahindi mjini husikia. Kama kazi ingempendeza, Kahiga angepata harusi za mwaka mzima. Lakini Bhagwanti hakuwa akifikiria mwaka mzima. Alikuwa akifikiria kitanda kimoja.

Juu ya kitanda hicho, katika nyumba yao ya Milimani, alilala nyanya ya bibi harusi. Alikuwa amevunjika nyonga majuma machache kabla ya sherehe, na mjukuu aliyemlea kwa mikono yake akaolewa bila yeye kuona. Jumapili bibi harusi angepita kumuaga nyanya yake, akielekea uwanja wa ndege na mumewe kuhamia ng'ambo. Daktari alikuwa amewaambia wasipange habari za mwakani.

"Nataka waitazame pamoja, wakiwa wameshikana mikono," Bhagwanti alimwambia Kahiga. "Jumapili asubuhi. Sitaki hadithi."

"Mama, kwa mashine niliyo nayo? Ungetaka hata leo jioni!"

Jumamosi asubuhi Kahiga alimaliza kukata na kupanga picha. Ilibaki kazi ya mwisho, ambayo haihitaji mtu bali prosesa: kompyuta kuzisaga picha zote ziwe filamu moja ya kuwekwa kwenye DVD. Mtu hukaa tu akitazama mstari mdogo ukijaa kwenye skrini.

Mstari ulisogea kama konokono anayerudi nyumbani kwa mke mkali. Kahiga alikwenda kunyolewa ndevu, akarudi. Mstari ulikuwa pale. Mashine ilinguruma, chumba kikawa jiko, jasho likamtoka, mstari pale. Halafu chini kwenye saluni mama mmoja akaingia kukausha nywele, na mashine ya kukaushia ilipowashwa, swichi kuu ya jengo ikaruka. Skrini nyeusi. Kimya.

Umeme uliporudi, kazi ilianza upya kutoka sifuri.

Ikaruka tena. Sasa walikuja kwa umoja: mwenye saluni, kinyozi, na mama wa nywele zinazochuruzika maji.

"Wewe na hiyo trekta yako, chagueni!" alifoka mwenye saluni. "Ama mtoke ama mlime!"

Alasiri, Kahiga alimpigia simu Akoth. Akoth alipanda ngazi, akafungua kidirisha kinachoonyesha kila prosesa inafanya nini. Ya kwanza ilikuwa imejaa kazi hadi juu. Ya pili ilikuwa tupu kabisa, mstari umelala chini kama barabara tambarare ya Gilgil.

Kahiga akaugusa mstari huo kwa kidole.

"Huyu wa pili anafanya nini?"

"Anangoja. Programu yako inajua kutumia prosesa moja tu."

"Kumbe nimebeba abiria!" Kahiga akakaa chini, sakafuni. Kisha akainuka na tumaini la mwisho. "Lakini huyo mmoja ni 3.4. Yule wako ni 2.2. Hesabu ni hesabu!"

"Hiyo ni hesabu ya hatua," Akoth alisema. "Mtoto akitembea na baba yake, nani anapiga hatua nyingi? Mtoto. Na nani anafika? Mashine mpya hatua zake ni ndefu. Wacha maneno, chomoa diski twende."

Mvua ilikuwa imeanza. Kahiga alivuka barabara akikimbia, diski yenye harusi nzima ameifunga ndani ya koti na kuikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Dukani Akoth aliiunganisha na ile ndogo, wakaanzisha kazi.

Ndogo haikusema kitu. Kahiga akaiwekea sikio. Kimya. Akaigusa ubavuni kuona kama ina joto. Vuguvugu tu.

"Akoth, imezima."

"Haijazima."

"Akoth, haki ya Mungu, imezima!"

Akoth alichoka naye, akamvuta hotelini jirani kwa chai na mandazi. Waliporudi, mstari haukuwepo. Skrini ilikuwa tupu, na Kahiga akashika kichwa kwa mikono miwili, akijua sasa imekula harusi ya watu. Akoth akabonyeza faili. Bibi harusi akatokea, mwenye sari nyekundu, akicheka. Sauti safi. Picha safi. Filamu yote, mwanzo hadi mwisho.

"Nilipiga kelele, watu wakadhani nimeibiwa," anasema Kahiga. "Mimi niliona matrekta yakipinduka. Niliona ngano ekari nyingi ikiungua. Lakini sijawahi kushtuka namna hiyo. Kitu kimefanya kazi yote hiyo, na hakijakohoa!"

Hata hivyo mambo hayakuisha sawa. Jumapili, mashine ya kuandikia DVD ilikataa diski mbili kabla ya kukubali ya tatu, na Kahiga alipofika Milimani, masanduku yalikuwa tayari yamefungwa juu ya gari. Bhagwanti alikuwa amesimama langoni.

"Kahiga! Wewe unatengeneza filamu ama unajenga nyumba?"

Hakungoja jibu. Alimpokonya DVD akatangulia ndani.

Kahiga alisimama mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, viatu mkononi. Nyanya aliinuliwa kwa mito. Bibi harusi alipanda kitandani kando yake, na vazi lake la safari, akamshika mkono. Hapakuwa na muda wa filamu yote, kwa hivyo wakaruka moja kwa moja hadi pale binti anapoiaga nyumba ya wazazi, akirusha konzi za mchele nyuma yake bila kugeuka, desturi ya kuwaachia baraka waliomlea.

Nyanya akanyoosha kiganja kuelekea televisheni, kama anayekinga mchele usianguke chini.

"Tena," akasema.

Wakarudisha. Akakinga tena. Nje dereva aliacha injini ikiunguruma, akapiga honi. Bhagwanti akatoa kichwa dirishani.

"Zima hiyo gari! Hatusikii kitu hapa!"

Waliitazama mara nne. Kisha bibi harusi akambusu nyanya yake kipajini, akaondoka kwa haraka, safari hii pia bila kugeuka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Nyanya yu hai bado. Bhagwanti anasema DVD hiyo imeshachakaa na ameagiza nyingine. Amempa Kahiga pia harusi ya mpwa wake mwezi wa kumi na mbili, kwa sharti moja, kwamba aje siku moja mapema.

Leo, katika baridi hii ya mwezi wa saba, mezani kwa Kahiga imekaa ile ndogo. Ukiingia unaweza kudhani chumba kimefungwa. Kinyozi ananyoa pande zote mbili, na saluni haijafoka.

Na ile kubwa?

"Nilimrudishia Akoth," anasema Kahiga, akipangusa vumbi ambalo halipo. "Tulibadilishana, tukamalizana kiungwana. Kelele si kazi, ndugu yangu. Mimi sasa nimesoma. Hata nikiisikia inanguruma mahali, nitavuka barabara."

Ana mpango. Amegundua kwamba katika kila harusi kuna mzee mmoja aliyebaki kitandani, na hakuna anayempelekea chochote isipokuwa kipande cha keki. Anataka kununua televisheni ndogo ya kubebeka aizungushe Kabazi, Subukia na Gilgil, awakalishie wazee harusi za wajukuu wao mbele ya mito yao, siku ileile ikiwezekana.

"Watu wanapiga video za waliokuja," anasema. "Mimi nataka kuwapigia wale hawakufika. Na kwa hiyo kazi, mashine ya kimya ndiyo mashine. Ile nyingine nimeisahau hata rangi."

Mlango unafunguliwa kwa kishindo. Ni Wachuka, mama anayeuza vifaranga wa siku moja katika chumba cha nyuma cha jengo hilihili, chenye mita yake ya umeme. Amejifunga leso kiunoni na ana kifaranga kila mkono.

"Kahiga, kuja uniwashie ile trekta yako, imezima tena! Vifaranga wanaganda huko!"

Kahiga anakohoa. Anamkonyeza. Wachuka hana habari na kukonyezwa.

"Tangu uilete pale sijanunua makaa, joto lake ni zuri sana," anamweleza kwa furaha mgeni anayemhoji Kahiga, kisha anamgeukia mwenyewe. "Lakini leo ukishawasha urudi kazini, umenisikia? Si kama jana, kutwa nzima umekaa kwa debe langu, umefumba macho, unaisikiliza. Wateja walikutafuta hadi wakachoka."