Waya wa King'ora

Waya wenyewe ni mwekundu, na hauzidi urefu wa kidole. Niliuchomoa kwenye kisanduku cha alamu nyumbani kwa mama, nje kidogo ya Butiama, nikaifunga ncha yake kwa utepe mweusi ili isiguse chuma. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kufanya.

Mimi ni fundi umeme, ingawa sikupita chuoni. Nilijifunza kwa kufungua redio mbovu pale Iringo, mjini Musoma, ambako nina kibanda hadi leo, na kwa kusoma vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi, vile ambavyo wateja huvitupa. Kila kazi ninaiandika kwenye daftari. Mchoro kwanza, waya baadaye.

Baba alipofariki, mama alikataa kuhamia kwangu.

"Nani atawaambia ng'ombe kwamba nimehama?" aliniuliza.

Alibaki na ng'ombe watano, na binti wa dada yangu akaenda kukaa naye. Wezi walipovunja zizi la jirani, niliamua kumfungia alamu. Sensa mbili, vifaa vya kuhisi kinachopita: moja ikitazama zizi, nyingine mlango wa nyuma. King'ora nilikiweka chini ya paa. Juu ya hayo nilimpa kitufe kidogo cha mkononi, nikamwonyesha namna ya kukifunga kwenye pindo la khanga.

"Nakibonyeza lini?"

"Ukiona jambo lolote, mama. Mwizi. Nyoka. Hata ukianguka."

Hilo la kuanguka nililisema mimi mwenyewe.

Nilitaka pia alamu ikishtuka, taa mbili kubwa za nje ziwake. Kisanduku cha alamu hutoa umeme mdogo, wa betri. Taa zinakula umeme mkubwa wa nyumba, na aina hizo mbili hazitakiwi kukutana. Katikati yake huwekwa rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme mdogo ili ifungue njia ya ule mkubwa. Musoma sikuipata niliyoitaka, nikapanda basi kuifuata Bunda. Siku ya majaribio taa ziliwaka saa saba mchana, na mama akasimama uani akicheka.

"Baba, unalimulikia jua ili lione njia?"

Nikacheka naye. Kesho yake, kati ya rilei na taa, nikaongeza sensa ya mwanga, inayozuia taa kuwaka kukiwa na jua. Kwenye daftari nikaandika: Taa, usiku tu.

Kuna jambo sikulipigia hesabu, nami nimezaliwa palepale. Kwetu yowe likipigwa, mtu huacha tonge kwenye sahani akakimbia na fimbo yake. Haulizi kwanza. Na aliyepiga yowe husimama langoni kuwaeleza waliofika, mmoja mmoja, walichoitiwa. Mimi nilikuwa nimefunga king'ora. Kwa masikio ya majirani, nilikuwa nimefunga yowe.

Mara ya kwanza ilikuwa mbuzi aliyekata kamba alfajiri. Mara ya pili popo. Mara ya tatu ilikuwa Jumapili, watu wakitoka kanisani, kuku akaruka mbele ya sensa. Walifika na nguo zao za ibada, mwanamke mmoja ameshika viatu mkononi. Mama alisimama langoni akaeleza. Jirani yake, mzee wa shamba la mihogo la upande wa pili wa njia, alimsikiliza hadi mwisho, fimbo begani.

"Na huyu kuku, mama, ameondoka na ng'ombe wangapi?"

Watu walicheka, na mama alicheka. Jioni alinipigia simu.

"Njoo uondoe hicho kidude."

"Nitapunguza ukali wa sensa, mama."

"Sijasema ukali, nimesema kelele. Miaka yote hii sijawahi kuita watu bure. Leo naitwa mama kuku."

"Na mwizi akija?"

"Taa ziwake. Mwizi ana macho, na majirani wana macho."

Nilienda. Yule mzee wa mihogo alikuja kunisimamia kazini, akamuunga mkono mama. "Mwanga tunauonaga hata tukiwa ndani, fundi. Tutakuja. Lakini hilo likelele, hapana. Ng'ombe wangu anakataaga kukamuliwa." Nikachomoa ule waya mwekundu. Giza lilipoingia nikamwambia mama abonyeze kitufe. Taa ziliwaka, uwanja wote ukawa mweupe, na mzee akapiga mluzi kutoka kwake kuonyesha kwamba ameona. Nikaweka alama ya vema kwenye daftari. Nilijaribu usiku tu. Mchana sikujaribu.

Siku yenyewe nilikuwa Bunda, juu ya ngazi, nikifunga mfumo uleule kwenye ghala la mnunuzi wa pamba. Simu iliita saa nane. Alikuwa mpwa wangu.

"Mjomba, uko wapi?"

"Niko juu ya ngazi. Sema."

"Shuka kwanza."

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza, mjomba."

Nilishuka. Asubuhi ile alikuwa amekwenda mnadani Nyamuswa. Aliporudi alimkuta mama kando ya zizi, ndoo imelala, mguu mmoja umepinda vibaya chini yake. Alikuwa ameshaaga dunia. Pindo la khanga lilikuwa limefunguliwa, na kitufe kilikuwa ndani ya ngumi yake. Mpwa wangu aliniambia hilo la kitufe kwa namna ya kunifariji, kwamba bibi alikumbuka maagizo yangu.

Tulimzika karibu na baba. Wageni walipoanza kupungua, nikakifungua kisanduku. Kina kioo kidogo, na ukibonyeza ipasavyo kinakuonyesha kila kilichotokea na saa yake. Kitufe, saa nne na dakika sita asubuhi. Kitufe, na dakika saba. Kitufe, na dakika saba tena. Vikaendelea hivyo, halafu vikaanza kuachana. Cha mwisho ni saa nne na dakika arobaini na moja. Jumla mara kumi na moja.

Nilitafuta kilichoharibika. Nilipima fyuzi, nikapima betri, nikakagua maungio yote hadi darini. Nilitamani sana kukuta fyuzi imeungua. Kila kitu kilikuwa kizima. Kila alipobonyeza, kisanduku kilivuta rilei, rilei ikapeleka umeme hadi kwenye sensa ya mwanga, na sensa ikaliona jua, ikauzuia pale pale. Mara kumi na moja mfumo ulifanya nilivyouagiza.

Mzee wa mihogo alinikuta nimekaa chini, mfuniko mapajani. Nilimweleza yote bila kuruka kitu. Alinyoosha kidole upande wa shamba lake.

"Siku ile nilikuwa napalilia pale. Tangu asubuhi. Sikusikia kitu, fundi."

"Hapakuwa na cha kusikia."

"Na mimi ndiye niliyemtania mama kwa yule kuku."

Aliondoka taratibu, bila kuniaga.

Asubuhi iliyofuata nikaondoa utepe mweusi, nikaurudisha waya mahali pake. Nilisubiri hadi saa nne na dakika sita. Nikasimama kando ya zizi, pale ilipolala ndoo, nikabonyeza kitufe mara moja na kutazama saa yangu. King'ora kililia. Ng'ombe walirudi nyuma kwa pamoja. Nikakiacha kilie.

Wa kwanza kufika alikuwa yule mzee, jembe bado mkononi, magoti yana udongo. Nikazima.

"Kuna nini?" Alikuwa anahema.

Nilijua kwamba kuita watu bure kwenye nyumba ya msiba ni jambo la kulaaniwa, na nilikuwa tayari kulaaniwa.

"Nilitaka kujua mngechukua muda gani."

Alitazama saa mkononi mwangu. Alitazama ardhi kando ya zizi. Nilidhani ataninyanyulia jembe.

"Ngapi?" akauliza.

"Dakika nne."

Aliliegemeza jembe ukutani, akakaa juu ya jiwe na kujifunika uso kwa kofia yake. Nyuma yake wengine walikuwa wanakuja mbio: wanawake wawili kutoka kisimani, mwalimu na chaki vidoleni, vijana na fimbo zao. Nikaenda kusimama langoni, kama anavyosimama aliyepiga yowe, nikaanza kuwaeleza mmoja mmoja walichoitiwa. Kila aliyefika aliuliza kuna nini, na kila mmoja nilimwambia: dakika nne.